Dumu Lisiloguswa Mpaka Saa Sita

Asubuhi ile nilipiga pasi blauzi moja mara tatu huku nikiimba, na mume wangu, ambaye ni askari na hashtuki ovyo, akaniuliza kama nimelewa. Nilikuwa nimelewa kweli, ila si kwa pombe. Wiki nzima tulikuwa darasani, sisi wanafunzi wachache wa shahada ya uzamivu hapa Kamina, na profesa aliyetoka Lubumbashi alitupigilia somo moja kichwani: katika utafiti wa namna yetu kuandika hakutoshi. Unatafuta shida ya watu, unabuni chombo cha kuitatua, unawapa wakitumie, halafu unapima. Siku ya mwisho ilikuwa ya kupima changu. Kikifaulu, naendelea na tasnifu. Kikianguka, narudi nyuma mwaka mzima, na mimi si msichana tena.

Chombo chenyewe nilikipenda kama kitinda mimba. Katika kambi yetu ya askari maji ya bomba huja yanapotaka, na wanawake walikuwa wakipoteza asubuhi nzima kwenye mstari. Nikaunda mfumo wa simu: unatuma ujumbe, unapewa namba, unabaki nyumbani na kazi zako mpaka uitwe. Walijifunza kwa siku mbili. Nilijivuna mpaka nikajionea haya.

Basi tukafika bombani, profesa na daftari lake, mimi na blauzi yangu. Simu zikalia, namba zikaitwa, roho yangu ikaruka kwa furaha. Halafu profesa akanyoosha kidole. Madumu ya njano yalikuwa yamepangwa chini kama siku zote, moja nyuma ya jingine, mpaka barabarani.

Akamgeukia jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mwepesi wa kucheka. "Mama, namba iko mu telefone. Sasa hizi bidon ni za nini?"

"Namba njo ya kutuita, papa prof. Bidon njo ya kujua kama bantu bako muzima. Kila asubui kila mama anaweka yake. Kama saa sita inafika na bidon haiguswe, tunajua mwenyewe iko na shida mu nyumba. Tunaenda kumuangalia."

Profesa akaandika. Niliona kalamu ile inaufuta mwaka wangu. Miezi mitatu nimewahoji wanawake hawa, kurasa kwa kurasa, na hakuna aliyenitajia jambo hilo. Nikamuuliza jirani, kwa hasira kidogo, kwa nini alininyamazia.

"Haukuuliza bidon, mama. Uliuliza tu kuchelewa." Akanitazama vizuri. "Na minyi nilizani unajua. Ile mwaka ulifika hapa, ulianguka malaria na mutoto mu tumbo, tukavunja mulango yako. Nani alituambia? Bidon yako."

Miaka yote hiyo niliamini kwamba walinisikia nikilia. Lakini sikuweza kulia siku ile, sauti haikutoka. Tangu nilipopona, wifi yangu ndiye anayenichotea maji, nami sikuwahi kuuliza walijuaje. Nikaanza kucheka, sijui kwa nini, nikacheka mpaka nikakalia dumu la mtu, machozi yananichuruzika, na kina mama wakacheka nami bila kuombwa.

Profesa alingoja nitulie, kisha akaniuliza kama nautetea mfumo wangu.

"Hapana, prof," nikasema. "Kama bangekuwa na telefone tu ile mwaka, minyi ningekufa na mutoto wangu."

Akaandika kwamba chombo kimeanguka na kwamba nirudi mwanzo. Nilimshukuru mara mbili, akanishangaa. Njiani nilimweleza yote niliyoyakosea, neno juu ya neno, mbio mbio, hata akaniomba nipunguze mwendo ili aandike.

Kesho yake nilimwambia wifi yangu apumzike. Nikaenda mwenyewe, alfajiri, kuweka dumu letu kwenye mstari, ingawa pipa la nyumbani lilikuwa limejaa.