Walinifungia Duka Xi'an, Nikatandika Kitenge

Walinifungia ndani ya duka la mawe huko Uchina, muji wa Xi'an, mchana kweupe, wakaniambia sitoki bila kununua.

Mimi nikatandika kitenge chini, nikavua viatu, nikatoa karanga.

Cheka tu. Lakini ngoja kwanza.

Naitwa Rosine. Niko mutu wa Kasongo, nauza vitenge kule Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Njia ya Kabambare naijua hata macho yakiwa yamefungwa: matope, pikipiki inaanguka, unaamka, unapanda tena. Basi watu waliposikia ninaenda Uchina, midomo ikafunguka.

"Rosine? Huyu wa kubeba mabalo ya vitenge? Atapotea kule!"

Nikawaambia: nitaenda, nitarudi, na mutanyamaza.

Sababu ya safari ilikuwa moja. Mudogo wangu Clovis, mutoto wa mwisho wa Mama, alikuwa anasoma udaktari Xi'an, na mwaka ule alisema anamaliza. Kwetu mutoto akipata diplome, ndugu wanamumwagia pudre nyeupe, ile poda ya watoto, kichwani, wanaimba, anatembea muji muzima akiwa mweupe. Mama hawezi safari, miguu inamusumbua. Akanipa kopo ya pudre.

"Rosine, nenda kwa niaba yangu. Asimalize peke yake kama mutu asiye na kwao."

Clovis mwenyewe, anayeniita yaya kwa kuwa niko dada yake mukubwa, hakutaka. "Yaya, sherehe ni ndogo tu. Usijisumbue."

Mimi na kukatazwa! Nilifunga mizigo siku ileile.

Nikaenda Guangzhou na Nabintu, mwenzangu wa biashara, tukanunua vitambaa. Yeye akabaki na mizigo, mimi nikapanda treni mpaka Xi'an. Clovis akanipokea stesheni. Alikuwa amekonda. Akanipeleka hoteli ya bei ya chini karibu na ukuta wa zamani wa muji.

"Kolasion, ile sherehe ya kumaliza, iko kesho saa tisa, yaya. Diplome wanagawa pale pale. Nitakufuata hapa. Asubuhi usitoke, tafazali. Huu muji uko na watu wa kuvuta wageni."

Sasa niambie, mutu anatoka Kasongo, anafika muji wa wafalme wa zamani, halafu anakaa chumbani kuangalia dari?

Asubuhi nikatoka. Nilitaka kuona wale askari wa udongo waliozikwa na mufalme wao, dunia nzima inawaongelea.

Mbele ya stesheni, mwanaume mwenye kibendera chekundu akaniona. Akacheka na mimi kama tumelelewa pamoja. Akanionyesha picha ya askari wale, akasema kwa Kiingereza chake, na mimi nikamuelewa kwa changu cha sokoni: basi ya kwenda kule ni bure. Bure! Tena kabla ya saa sita watu wamesharudishwa.

Hapo njo kosa langu. Kwetu shofere akikubeba bure, ni juu ya kuwa anakujua, ama anamujua mama yako. Mimi nikamushika mukono kwa mikono miwili, nikamuulizia hali ya nyumbani, nikapanda.

Basi haikufika kwa askari yeyote. Ilitupeleka duka la hariri. Kisha duka la dawa za mizizi, ambapo muzee mwenye koti jeupe alinishika mukono, akasema ini langu limechoka.

Ini langu! Ini lililokula sombe, majani ya muhogo, tangu utoto!

Kisha tukaletwa kwenye duka la mawe ya kijani, yale wanaita jade. Wageni wengine wakanunua, wakaruhusiwa kurudi ndani ya basi. Mimi nikasema hapana. Mwanamuke mukubwa wa duka akafunga mulango, akasimama mbele yake. Akaandika kwenye simu, simu ikageuza kwa Kifaransa: asiyenunua, mulango haufunguki.

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa sita. Mudogo wangu atavaa joho saa tisa. Nikaona sura ya Mama.

Halafu nikakasirika. Nikakasirika vizuri.

Juu hii mambo naijua! Hii ni barière tu! Ukitoka Kasongo mpaka Salamabila, utakuta kamba imevutwa barabarani, vijana wamekaa pembeni: "Mama, acha kitu." Na sisi wamama wa vitenge tuko na dawa yake. Hatupigani, hatulii. Tunakaa. Unatandika kitenge pale pale kwenye kamba. Unaomba maji. Unaomba moto wa kupikia. Unauliza kijana jina la mama yake, na juu ya nini hajaoa mpaka leo. Unaimba nyimbo za kanisa na beti zake zote. Mutu wa barière anataka upite mbio ukiwa na woga. Ukikaa, mwisho anakufungulia mwenyewe ili apumuzike.

Basi nikakaa katikati ya duka. Nikapanga vitu vya kikapu changu: karanga, mikate, chupa ya pilipili, kopo ya pudre. Nikamwambia yule mwanamuke, "Mama, karibu tule."

Akabaki anashangaa.

Basi lingine likaleta wageni. Wakanikuta nimeshaanza wimbo wa pili. Wazungu wawili wakakaa pembeni yangu, wakala karanga. Hakuna aliyeangalia mawe tena!

Yule mwanamuke akapiga simu kwa hasira. Nikaelewa anaita mutu wa kuongea na mimi. Nikasema moyoni, aje, hata yeye nitamupa karanga.

Mulango wa nyuma ukafunguka.

Akaingia kijana mweusi, shati la duka, karata ya jina shingoni. Akaanza kwa Kifaransa, macho kwenye simu yake: "Bonjour maman, chukua hata kitu kidogo tu, ili..."

Akainua kichwa.

Alikuwa Clovis.

Nikaacha wimbo katikati.

"Yaya," akasema pole pole, "nilikuambia usitoke."

"Na kolasion?"

Akaangalia ile kopo ya pudre juu ya kitenge. Akachuchumaa, akafunika uso.

"Hakuna kolasion. Masomo yalinishinda mwaka wa pili, burse iliyonilipia ikakatwa. Naongea na wageni wa Kifaransa hapa, wanunue. Leo nilitaka kukodi joho, tupige picha mbele ya iniversite, urudi nazo kwa Mama."

Mukono wangu ulishaamka kumupiga. Nasema ukweli.

"Juu ya nini hukusema?"

"Niseme wapi, yaya? Kila mukinipigia, Mama anaweka simu kwa sauti kubwa, majirani wamejaa, anasema, 'Docteur, salimia watu.' Mulianza kuniita docteur nikiwa bado Kindu nangojea ndege!"

Hiyo ilinichoma, juu mimi pia nilimuita vile. Nilikuwa najitapa naye mpaka kwa wachimbaji.

Yule mwanamuke akaanza kumufokea. Clovis akamujibu kwa Kichina, kichwa chini, mabega chini. Nikaona alivyozoea.

Aka! Hapana.

"Clovis, toa hiyo karata shingoni."

"Yaya, ni kazi..."

"Toa!"

Akaitoa, akaiweka juu ya meza, kati ya mawe.

"Sasa mwambie afungue. Hatununui, na hatuombi musamaha."

Sijui alimwambia nini. Lakini alisema akiwa amesimama wima, na mulango ukafunguka.

Tukaenda mutaa wa Waislamu, tukala ile supu ya kondoo ambayo unamegea mukate mwenyewe. Halafu nikapiga simu nyumbani. Kama kawaida, kelele za majirani.

"Docteur wangu iko wapi?" Mama akauliza.

Clovis akachukua simu. "Mama, mimi siko docteur. Nilishindwa."

Majirani wakaanza kunong'onezana.

Halafu tukamusikia Mama, mwenye miguu mibovu, akisimama na kupiga makofi: "Haya, mumesikia! Kila mutu kwake! Mama Dominique, na wewe, toka!" Akawafukuza wote. Akalia kidogo. Kisha akasema, "Clovis, mwanangu, rudi."

Kesho yake tulipanda basi ya kawaida ya wenyeji, tukawaona askari wa udongo. Clovis alikaa muji ule miaka yote ile, na njo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Basi, wewe unayeenda Xi'an na mufuko mwepesi: lipa basi ya wenyeji, kula mutaani, tembea juu ya ukuta. Ya bure, achana nayo. Na ukiwa na ndugu mbali, usimupigie simu mbele ya majirani. Mupe nafasi ya kukuambia mambo yamemuharibikia.

Leo Clovis anauza vitenge na mimi; tumefungua duka Kabambare, kwenye njia ileile ya Salamabila. Wanamuita "docteur wa vitenge." Hii nimeiandika akiwa hapa pembeni, na yeye njo aliyesema niweke majina yetu ya kweli.

Mwenye kutaka kucheka, duka letu liko wazi kuanzia asubuhi. Kuja ucheke tukikuona.