Mistari ya Mlangoni kwa Bibi Bronka

Bibi yangu Bronka ni mtu wa kawaida kabisa, na akisikia nimesema hivyo atanitafuta na mwiko. Yuko Maspeth, Queens, nyumba ileile tangu alipoolewa. Alishonea watu mapazia mpaka vidole vikagoma. Kabichi jikoni kwake inachemka tangu enzi za Papa Mpolandi, sidhani kama jiko limewahi kuzimwa. Na ile karatasi ya ukutani yenye maua ya kahawia, jamani, ilikuwa mbaya hata siku inabandikwa.

Ndiyo maana watu wa televisheni waliipenda.

Mnamjua Bwana Masizi, yule jambazi wa vitabu vya katuni mwenye moshi usoni, anayechoma nusu ya jiji kila toleo? Kwenye filamu kazi yake ilikuwa kupigwa tu. Lakini watu wakampenda kuliko shujaa mwenyewe, basi akapewa tamthilia yake: alikotokea, nani alimuumiza, alivyopanda mpaka jiji zima likamwogopa. Ikatakiwa nyumba aliyokulia. Wakagonga kwa bibi.

"Ingieni," bibi akawaambia, "lakini fremu ya mlango wa chumba kidogo msiiguse. Msifute kitu, msipake rangi."

Wakaahidi.

Chumba kidogo kilikuwa cha mjomba Witek. Kwetu Wapolandi mtoto husherehekewa siku ya mtakatifu wa jina lake, na kila mwaka siku hiyo, kabla keki haijakatwa, bibi alimsimamisha mlangoni, akachora mstari wa penseli juu ya kichwa chake na kuandika umri pembeni. Mistari inaishia tisa. Homa ya uti wa mgongo. Mimi nilimpita mjomba wangu urefu nikiwa bado shule ya msingi, na nakwambia, siyo jambo la kujisifia.

Walipokuwa wanarekodi, bibi alikaa kwetu na kumfundisha mama yangu kupika, mama ambaye ana miaka hamsini na mbili. Tuliporudi Maspeth tulikuta kila kitu mahali pake. Wale watu hupiga picha kila chumba kabla hawajahamisha hata kijiko, halafu wanarudisha kwa kufuata picha. Hata chupa ya maji ya baraka ilikuwa imeelekea kulekule.

Nikawa natafuta kitu cha kulalamikia, si ndiyo kazi yangu, nikamwona bibi amesimama kwenye mlango wa chumba kidogo. Ameikodolea fremu.

Juu ya tisa kulikuwa na kumi. Kisha kumi na moja. Kumi na tatu. Kumi na saba. Penseli ileile iliyofifia, mwandiko uleule, hata saba ilikuwa na kamstari katikati kama anavyoiandika yeye. Hawakufuta kitu. Hawakupaka rangi. Waliongeza.

Bibi akainua mkono. Mstari wa juu kabisa ilibidi anyanyuke kwa vidole vya miguu ndiyo aufikie.

"Ona, Renia," akasema taratibu. "Alikuja kuwa mrefu kama baba yake."

Nywele zilinisimama mpaka za miguuni. "Nawapigia simu sasa hivi."

"Acha."

Basi nikaacha. Ikaanza: bibi hazimi tena taa ya korido. Ngazi, anasema, siku hizi zinalia kwa uzito. Mezani anaweka sahani ya tatu halafu anairudisha kabatini, ananiangalia kama mimi ndiye niliyekosea hesabu. Nikamtania, "Bibi, mjomba akija mwambie aoshe vyombo." Hakucheka. Nami nikajikuta nageuka kuangalia korido.

Tamthilia ikaanza kuonyeshwa, na mashabiki nao wakaanza kuja kupiga picha barazani, nyuso zimepakwa masizi. Siku moja kijana mmoja akagonga huku wenzake wanarekodi.

"Samahani bibi, Desmond yupo?" Desmond ndilo jina la Masizi kabla hajawa Masizi.

"Hayupo," bibi akajibu. "Yuko kazini."

Akafunga mlango. Huko nje mmoja alicheka. Wengine nikawasikia wakishuka ngazi.

Tukaangalia pamoja ile sehemu ya tamthilia inayoonyesha nyumba yetu. Yule mvulana anasimama kwenye mlango wetu, mgongo kwenye fremu, mama yake anamchorea mstari wa miaka kumi na saba. Ametoka kuchoma duka la jirani na jirani yumo ndani. Mikono inanuka petroli. Mama anainusa, anajua, lakini anachora tu.

Bibi akazima televisheni.

"Witek hakuua hata mende."

"Bibi, yule ni Masizi, siyo mjomba."

"Wamesimama mlango mmoja," akasema. "Sasa wapigie."

Akaja Duane, mchoraji wa wale watu wa televisheni, jitu kubwa lenye sauti ndogo, na kifutio mfukoni. Alipoambiwa habari za Witek, akavua kofia.

"Mama, mimi sikupewa habari yoyote. Nilitakiwa nioneshe mtoto akikua, nikaona mistari imeishia njiani. Nilidhani mlichoka tu kumpima."

"Hatukuchoka," bibi akasema.

Duane akaanza juu. Kumi na saba ikaondoka, bibi akapumua. Kumi na tatu. Kumi na moja. Kifutio kilipogusa kumi, bibi akamshika mkono.

"Hii niachie."

"Lakini mama, hii nayo niliichora mimi."

"Najua nani kachora. Mwaka mmoja hautamharibu."

Duane akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia viatu. Akarudisha kifutio mfukoni, akapewa kabichi, akala mpaka kijiko kikagonga sahani.

Mashabiki bado wanakuja. Jumamosi nilikuwepo mlango ulipogongwa, kundi zima, masizi mpaka masikioni.

"Bibi, Desmond yupo?"

"Mmekosea nyumba," bibi akawaambia, akashusha sauti. "Hapa kuna mtoto wa miaka kumi tu, na amelala. Shukeni polepole."

Wakashuka ngazi kwa kunyata, wote. Na mimi nyuma yao.