Doa Lililomtesa Mama Lenzi

Saa tatu asubuhi, dirisha la stoo ya studio limefungwa ili vumbi la barabarani lisiingie. Mezani pametandikwa taulo jeupe, na juu yake zimepangwa kamera mbili zilizorudi jana kutoka kurekodi tangazo la kiwanda cha matofali.

Mama Lenzi, kama wenzake wanavyomwita, anaanza na kipulizio cha mpira. Anakiminya, vumbi jekundu linaruka. Inafuata brashi laini. Kitambaa kinakuja mwisho.

“Ukikimbilia kitambaa wakati vumbi bado lipo, umekipiga kioo msasa,” anasema bila kuinua kichwa. “Na kioo kikishachubuka, basi tena.”

Betri anazitoa na kuzichaji. Kila lenzi anaifunika mbele na nyuma, kisha anailaza sandukuni pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, maana unyevu huzaa kuvu, na kuvu huhama kutoka lenzi moja hadi nyingine.

Aliingia studio hii kama mfagiaji. Mtunza vifaa wa zamani alipoacha kazi, mpigapicha mkuu alimkabidhi yeye funguo, na miaka kumi na moja imepita.

Mwaka jana nusura azirudishe funguo hizo. Akikagua lenzi, jicho la kushoto akiwa amelifumba kama kawaida yake, aliona doa katikati ya kioo. Akapuliza, akafuta, wapi! Kesho yake akaliona kwenye lenzi ya pili. Mwisho wa wiki lilikuwa kwenye zote.

“Nikajua ni kuvu, na nimeziteketeza lenzi za stoo nzima,” anakumbuka. “Nafuta kioo kile kile mpaka mkono unakufa ganzi.”

Siku moja akapiga moyo konde, akamfuata mpigapicha mkuu.

“Kaka, lenzi zimeingia kuvu. Zote.”

Mpigapicha akazigeuza moja moja kwenye mwanga. “Mbona safi? Doa liko wapi?”

“Si hilo hapo katikati!”

Mpigapicha akaona jicho lake la kushoto limefumbwa. “Hebu fumba jicho la kulia, uangalie kwa la kushoto.”

Mama Lenzi akafumba. Doa halikuwapo.

Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho. “Nina watoto watatu,” anasema akicheka, “huyu wa nne sikumwomba.”

Siku ile hakucheka. “Mtunza vioo asiyeona, nani atamweka? Nilijua watanipa mkono wa kwaheri.”

Badala yake alipewa likizo, akafanyiwa upasuaji, na mpigapicha mkuu akasafisha vifaa mwenyewe.

“Niliporudi nikakuta nyuzi za kitambaa kwenye kila lenzi,” anasema. “Nilifurahi hadi nikaona haya. Nilikuwa naziona!”

Jicho la kushoto nalo limeanza ukungu, na litapasuliwa mwezi ujao. Baada ya hapo anataka kufungua kazi yake ndogo ya kusafisha na kuhifadhi lenzi sebuleni kwake, jioni na siku za mapumziko, kwa wapigapicha wasio na stoo. Wawili wameshamwulizia. Mumewe, fundi seremala, amekwishapima ukuta wa kabati.

“Yeye anataka kuweka milango ya mbao,” anasema Mama Lenzi, akifunga sanduku. “Nimemwambia hapana, baba, weka vioo. Nataka nikikaa kwenye kiti changu nizione lenzi zote.”