Siku ya Ishirini na Nne

Mwaka ule meli za kutafuta gesi zilipojaa mbele ya Palma, pwani ya Msumbiji, kazi iliwachukua baba yangu na mchumba wangu kwa mpigo. Baba alikuwa mpishi melini. Kila baada ya siku kumi na mbili alishinda nasi nyumbani, jioni boti ikamchukua tena. Mchumba wangu, mlinzi wa kambi, alipewa siku moja kila baada ya siku nane. Ndoa yangu ikakwama hapo, kwa sababu baba alikataa katakata kuweka wakili wa kuniozesha kwa niaba yake. Dada yangu aliozeshwa na baba mdogo, baba akiwa safarini, na jambo hilo lilimuuma mpaka akaapa kwamba mimi ataniozesha mwenyewe.

Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Baba mdogo, mchuuzi wa Namoto, alizidisha nane kwa kumi na mbili, akapata tisini na sita, akasema tungoje. Nilimkatiza, adabu nimeiweka kando. Shuleni nilifundishwa múltiplos, yaani vigawe: vya nane ni nane, kumi na sita, ishirini na nne; vya kumi na mbili ni kumi na mbili, ishirini na nne. Zinakutana hapo, tisini na sita ya nini? Tukiikosa, zinakutana tena arobaini na nane, na hiyo ingeangukia katikati ya mfungo, wakati kwetu hakuna anayeoa. Naye mama mkwe alishasema akirudishwa mikono mitupu mara moja tu, atamtafutia mwanawe mke kwao Quiterajo.

Jumatatu moja, maandalizi ya harusi bado hayajakamilika, waliondoka wote wawili. Jioni ile ile nikachora mstari wa kwanza wa mkaa nyuma ya mlango. Siku ya nane nilipika, mchumba hakutokea. Alikuja kesho yake. Nikalaumu mchanga wa barabarani. Siku ya kumi na mbili baba hakuonekana. Alikuja kesho yake. Nikalaumu bahari. Ya kumi na sita hivyo hivyo, na safari hiyo nilimnunia mchumba siku yake nzima ya mapumziko. Kila mmoja alichelewa siku moja tu, na mimi niliyejidai msomi sikujiuliza kwa nini. Hofu ilikuwa imenijaa.

Siku ya ishirini na nne ikawa Jumatano. Watu walikuja, pilau likapikwa, mwalimu wa chuo cha Kurani akakaa na daftari lake la nikahi. Mimi nilikuwa ndani, hina mikononi, maana bibi harusi haonekani. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Nikamsikia mama mkwe uani:

"Tumechezewa. Liinueni sanduku la nguo, twende zetu."

Niligeuka nisimsikie, macho yakaangukia mlango. Ule mstari wa kwanza ulikuwa wa Jumatatu waliyoondoka, siku ambayo hawakuwa wamemaliza hata moja kazini. Nikatoka nje kichwa wazi, mbele ya watu wote.

"Mama, nisamehe, kosa ni langu. Wanakuja kesho."

"Nani kakwambia?"

Nikamhesabia kwa vidole, hina haijakauka vizuri.

"Siku ya kuondoka nayo uliitia hesabuni?"

"Niliitia."

"Hivyo ndivyo tunavyohesabu matanga, mwanangu. Siku ya kuzika ndiyo ya kwanza. Harusi yako umeihesabu kama msiba?"

Mwanamke mmoja alisema astaghafirulahi, nami nikajua nimeachwa. Mama mkwe aliniangalia mikono, kisha akakaa juu ya sanduku.

"Magharibi ya kesho ikiingia hawapo, naondoka."

Alhamisi hapakuwa na pilau wala wageni. Mchumba alishushwa na gari la kambi asubuhi, akashangaa sufuria zimeoshwa. Baba hakuja. Nilirudia hesabu mpaka namba zikapoteza maana: je, kama nimekosea mara mbili? Jua lilikuwa limeshuka kabisa nilipomsikia baba uani, pumzi juu juu, akiomba maji ya kutawadha. Hakuuliza kitu. Alimshika mchumba wangu mkono, nguo za jikoni zingali mwilini, mbele ya mwalimu, mashahidi wawili na mama mkwe.

Aliposema "nimekuozesha", nilikaa sakafuni huko ndani nikalia kwa sauti. Adhana ya magharibi ikaanza kabla sijanyamaza.