Mtungi wa Pan Gensheng

Kijijini kwa Pan Gensheng hakuna aliyemshinda kwa machipukizi ya mtungini. Ngurumo za kwanza za masika zikipiga, ardhi ya msitu wa mianzi inapasuka na machipukizi yanachungulia. Wenzake huyachimba na kuyapeleka sokoni. Yeye huyafunika kwa mitungi ya udongo yangali madogo kama kidole gumba. Chipukizi likikosa pa kupandia hujizungusha humo ndani, jeupe, laini, hata ganda halina. Ukilipika na nyama ya nguruwe ya chumvi, mgeni hataondoka bila kulamba bakuli.

Binti yake Suyun aliondoka kwa sababu ya tabia hiyohiyo ya kufunika. Barua ya kumwita chuoni ilipofika, Gensheng aliipokea kwa tarishi na kuificha chini ya gunia la mchele. Mke wake alikuwa ametangulia kaburini, na yeye hakuwa tayari kula peke yake. Siku ya tatu Suyun akaambiwa na mwalimu wake, akaiona barua, akafunga mzigo. Hakugomba wala hakulia. Alitoka tu. Masika tisa zimepita tangu hapo, naye anapima maji ya Mto Manjano huko kaskazini, akipiga simu mara moja kwa mwaka, siku ya Mwaka Mpya, dakika nne au tano.

Wenye mianzi huandika kwa wino jina la ukoo na mwaka kwenye kila mwanzi uliozaliwa, ili mtu ajue ni wa nani na umri wake ni upi. Gensheng aliandika Pan kwenye yote, isipokuwa mmoja kila mwaka. Huo aliuandika Suyun. Wanunuzi walipomuuliza kwa nini mianzi minane iliyonyooka vile haikatwi, alijibu kwamba ina wadudu. Mwaka jana ikawa tisa.

Mwezi uliopita uvumilivu ukamwishia. Alimtumia binti ujumbe: moyo unanisumbua, daktari ametikisa kichwa, njoo siku ya Qingming, wakati wa kuzuru makaburi, tufagie kaburi la mama yako.

Wa kwanza kumgundua alikuwa Mama Miao, mtawa wa Kitao wa hekalu lililo juu ya kijiji, aliyeteremka kuagiza machipukizi ya jikoni, naye alishasikia kwamba Pan anaumwa. Alimkuta amebeba mitungi sita kwenye mti begani.

"Pan, we mgonjwa wa aina gani? Punda mzima hawezi kubeba hivyo!"

"Mwalimu, mtoto anakuja. Usiniharibie."

"Mimi nikuharibie? Njia ya mwongo fupi, utaharibikiwa mwenyewe." Akaketi juu ya jiwe kupumua. "Miaka arobaini nakaa pale juu kujifunza jambo moja, na wewe unakaa humu ndani yake hulioni. Nani anayavuta haya machipukizi yatoke?"

"Hakuna. Yanatoka yenyewe."

"Haya. Basi unavuta nini?"

Gensheng alicheka, maana mtawa huyo alikuwa na maneno. Lakini hakuufuta ule ujumbe.

Suyun alifika adhuhuri, siku moja kabla ya Qingming. Alikuwa amekonda, na nywele amezikata. Baba yake alikuwa kitandani na kitambaa kipajini, amejilazimisha kulia kwa maumivu asiyo nayo, ila machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Alitamani kumshika uso. Binti aliketi ukingoni mwa kitanda, akamnywesha uji wa mchele, na viatu vya baba vyenye tope mbichi mlangoni hakuviangalia mara mbili.

Kesho yake walifagia kaburi, wakala maandazi ya kijani ya mchele na majani ya shambani. Hapo ndipo Suyun aliposema, "Baba, nimeomba kuhamishwa. Kuna kazi ofisi ya wilaya, kupiga mihuri. Kule mtoni nitamwachia mwingine."

"Uache mto?"

"Wewe unaumwa. Nifanyeje?"

Alilosubiri kwa miaka tisa ndilo hilo limekuja mkononi, bila hata kuombwa. Gensheng akashukuru moyoni, akamshukuru na marehemu. Furaha yake ilidumu mpaka walipopita msituni kuchukua machipukizi ya Mama Miao.

Suyun aliinua mtungi mmoja mwenyewe, kama alivyopenda kufanya utotoni. Chipukizi lilikuwa limejikunja mizunguko mitano, limebanwa mpaka juu.

"Maskini," alisema, akiligusa kwa kidole. "Limetafuta pa kutokea kila upande."

Hakusema kwa fumbo. Alikuwa ameshainama kuinua mwingine. Lakini baba aliuona mgongo wake ulivyopinda, akauona na ule mhuri utakaomngoja kila asubuhi.

"Suyun. Mimi si mgonjwa."

Binti aliendelea kuinua mtungi.

"Moyo wangu mzima. Daktari sijamwona tangu mwaka juzi, na mwaka juzi lilikuwa jino. Nilikuwa nakutamani tu, mwanangu. Nimekutamani mpaka nikawa mwongo. Rudi kwenye mto wako."

"Barua uliificha," Suyun alisema polepole, "na sasa umenizulia ugonjwa. Nimesafiri siku mbili nikikulilia, Baba. Siku mbili!"

"Najua."

"Hujui!"

Aliweka mtungi chini kwa uangalifu, maana alilelewa kuviheshimu vyombo, akaenda nyumbani kuchukua mfuko wake. Akakata njia ya mkato kupitia msituni kwenda kituo cha basi. Gensheng hakumfuata. Miguu ilitaka, mdomo ulitaka kupiga kelele, akaung'ang'ania mti wa kubebea mitungi mpaka basi lilipolia bondeni na sauti yake kuisha. Hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Jioni alipitia njia ileile. Tope lilikuwa na alama za viatu vya Suyun: zinakwenda haraka, kisha zimesimama. Zimeuzunguka mwanzi mmoja wenye jina lake, na wa pili, zikaenda hivyo mpaka wa tisa, ule wa mwaka jana.

Chini ya jina kulikuwa na maandishi mapya, ya kalamu ya rangi ambayo Suyun huandikia vipimo vya mto. Ni mwaka tu. Si mwaka ambao mwanzi ule ulizaliwa, wala si mwaka huu. Alikuwa ameandika mwaka ujao.

Hilo ni kosa ambalo mtu wa mianzi hafanyi, na Suyun ni mtoto wa mianzi. Gensheng alisoma zile tarakimu mara tatu. Kisha akarudi akaondoa mtungi uliokuwa karibu na mlango wake, ambao chipukizi lake lilikuwa halijaanza kujikunja, akaketi kizingitini kuusubiri mwaka, bila kuuvuta.