Nilisafisha meno mnadani ili nipendeze kwenye send-off, valvu ya moyo ndiyo iliyoumia

Wakuu, habari za mihangaiko.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo naumwaga kama ulivyo. Sijasimuliwa na jirani, ni mimi mwenyewe na moyo wangu. Mwenye povu alitoe, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni dada wa Endasak, Hanang.

Nikiwa sekondari nilianza kuchoka ovyo. Wenzangu wanapanda kilima huku wanapiga stori, mimi nahema. Wakaniita mvivu. Hospitali wakanipima kwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, wakaona valvu moja ya moyo haifungi vizuri, damu inavuja kurudi ilikotoka. Chanzo ni maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa.

Daktari wangu, mama mmoja mtu mzima asiye na haraka, alinipangia maisha: sindano ya penisilini kila mwezi, kliniki, na upasuaji siku moja huko mbele.

"Valvu bado inavumilia," aliniambia. "Olewa, zaa watoto wako tukikuangalia, halafu tutaishona."

Wakuu, hiyo ratiba niliipenda. Nilishachagua mpaka majina ya watoto.

Akanipa na sharti moja: nikienda kung'oa jino, niseme kwanza kwamba nina tatizo la valvu, ili nipewe dawa. Nikaitika. Sikuuliza kwa nini. Moyo uko kifuani, jino liko mdomoni, nikaona ni mambo ya madaktari tu.

Sasa tuje kwenye meno.

Wa mikoa mingine mnatujua tukicheka. Maji ya kwetu yanatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na hata upige mswaki mpaka fizi zilie, rangi haitoki. Nyumbani hakuna anayejali maana wengi tuko hivyo. Shida inaanza ukikutana na wageni.

Nikapata mchumba, Emanueli, fundi wa kuchomelea mageti pale Katesh, kwao Morogoro. Dada zake walipokuja kunifahamu tulipiga picha. Wote wanacheka, mimi nimefumba mdomo kama nimeficha pipi. Hakuna aliyenisema kitu. Ni mimi tu niliyeikuza ile picha kwenye simu nikajichukia.

Siku chache kabla ya send-off, sherehe ya kuniaga nyumbani, nilikwenda mnadani. Katikati ya mitumba na wauza dawa za mifugo kulikuwa na jamaa anasafisha meno. Ana kijichuma, unga mweupe na kioo cha mkononi. Nikakaa kwenye stuli.

Alikwangua, fizi zikatoka damu, nikatema kwenye kopo, nikafungua mdomo tena. Habari ya valvu sikumwambia. Hang'oi huyu, anasugua tu, nikajisemea. Akili yangu yote siku hiyo iliishia hapo.

Nikatoka na meno meupe. Mama aliponiona akashika kiuno. "Wewe! Sasa umekuwa kama mtu wa televisheni."

Kwenye send-off nilicheka mpaka mashavu yakauma.

Harusi ikafuata, na homa ikaja nayo. Jioni natetemeka, usiku nalowana jasho, chakula sikitaki. Duka la dawa wakanipa ya malaria. Nikarudi, wakanipa ya taifodi. Mama mkwe alipopiga simu na kusikia sili, akadhani ni mimba. Alipiga vigelegele kwenye simu, wakuu. Mpaka leo vinanisumbua masikioni.

Siku niliyoshindwa kutoka kitandani hadi mlangoni, Emanueli akanipeleka kwa daktari wangu.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Kuna mtu amekugusa meno?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikamweleza. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alisema bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu hupenda kukaa kwenye valvu mbovu na kuila.

Nililazwa wiki nyingi kwa dripu. Homa ikaisha, valvu ndiyo haikurudi. Haishoneki tena. Itabadilishwa, na wamepanga kuniwekea ya chuma, na dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yangu yote. Dawa hiyo na mimba ni maadui. Na nikibeba mimba sasa hivi, kabla ya upasuaji, naweza kufa nayo. Kwa hiyo nipo tu, nasubiri kuitwa, nahesabu vidonge na kulala na mito mitatu ili nipate kupumua.

Nilimwomba Emanueli msamaha.

"Mimi nilikupenda na yale yale ya kahawia," alisema. "Ungeniuliza tu."

Nililia kuliko siku niliyopewa majibu.

Ninachowaambia ni hiki. Kama una tatizo la valvu, mdomo wako ni sehemu ya ugonjwa wako. Iwe kung'oa, kukwangua au kusugua, nenda kwa daktari wa meno na useme habari ya moyo kabla hajakugusa. Na ukiambiwa sharti, uliza sababu yake. Mimi ningeuliza tu "kwa nini," leo ningekuwa na ujauzito au nanyonyesha.

Karibuni mseme, hata matusi nitasoma. Ila dada zangu mliowekewa valvu ya chuma, nawaomba ninyi kwanza: kuna hata mmoja wenu aliyepata mtoto? Nijibuni hapa hapa, hata kama jibu ni hapana.