Kumrudisha kwa Nyanya Yake

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mlezi katika makao ya watoto mjini Machakos. Kuna msichana nilimpokea akiwa mchanga, mama yake amefariki, nikamlea mpaka akafika umri wa kwenda shule. Kisha wakubwa wetu wakaamua kwamba kila mtoto aliye na jamaa arudishwe kwao. Huyu alikuwa na nyanya huko Ndithini, mzazi wa mama yake, ambaye zamani alikuwa mgonjwa asiweze kulea.

Sikupinga. Ningesema nini? Kwao ni kwao.

Tulienda na afisa wa watoto. Nyanya alikuwa amechinja kuku na kutandika kitanda kwa blanketi jipya. Alimshika mtoto mashavu, akamsemesha kwa Kikamba. Mtoto akanigeukia. Kule makao tuliongea Kiswahili tu, maana watoto walitoka kila mahali.

"Mama, anasema nini?"

"Anasema unafanana na mama yako."

Akanitazama usoni kwa makini. "Kweli tunafanana?"

Nyanya akataka kujua mtoto amesema nini. Nilimwambia ana njaa.

Afisa alishauri tuondoke wakati anakula. Nilikataa, nikamweleza mtoto mwenyewe kwamba atabaki. Hakulia. Aliacha sahani, akaosha mikono, akavaa viatu vyake na kwenda kusimama kando ya gari, akingoja afunguliwe. Nyanya ndiye aliyembeba kumrudisha ndani, miguu ikirusha mateke. Niliingia garini nikafunga mlango.

Nilikatazwa kumtembelea mpaka azoee. Niliporuhusiwa, mwaka ulikuwa umeshapita. Nilimkuta akipepeta pojo na nyanya yake, amenenepa, Kikamba kinamtoka bila shida.

"Habari yako, anti," alinisalimia. Akaniletea kiti, akarudi kwenye pojo zake.

Nyanya alinisindikiza hadi barabarani. Ndipo aliponiambia kwamba miezi ya mwanzo mtoto alikataa chakula, na kila akisikia gari alikimbia nje kuangalia.

"Mbona hukutuma mtu aniambie?"

"Ungefanya nini?" aliuliza, wala si kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Gari la kwenda mjini likaja, nikamuaga, nikapanda.